Mimi ni mtu wa tiketi moja

"Kumbe leo ni wewe," yule mama akaniambia, hata sijakaa vizuri.

Nikajua kanifananisha. Tulikuwa juu kabisa, balkoni ya mwisho ya jumba la opera la Chicago, lile la Wacker Drive pembeni ya mto, sehemu ambayo ukiangalia chini unaona vipara vya matajiri na wanamuziki waliozama kwenye shimo lao mbele ya jukwaa. Nimefika nahema, koti bado mwilini, tiketi yenyewe nimeinunua jioni ileile kwa simu nikiwa kwenye treni baada ya kuona bei imeshuka. Nikamwambia samahani mama, tunafahamiana? Akacheka. Akasema hapana, ila hicho kiti ulichokalia kilikuwa cha dada yangu, tumekaa hapa pamoja miaka na miaka, magoti yakamshinda akahamia Arizona kwenye joto, na tangu ameondoka kila nikija namkuta mtu mwingine, kwa hiyo nikiwa kwenye basi huwa najiuliza leo atakuwa nani.

Leo nilikuwa mimi.

Akanipa pipi ya kikohozi na kuniamuru niifungue sasa hivi kabla taa hazijazimwa, maana karatasi yake ukiifungua katikati ya wimbo inasikika mpaka jukwaani. Wakati wa mapumziko akanionyesha watu kwa kidevu. Yule wa skafu ya kijani ni mwalimu wa hesabu mstaafu, kitendo cha pili lazima asinzie. Wale wawili kule waliachana, lakini hakuna aliyekubali kuachia kiti, kwa hiyo bado wanakuja na wanakaa bega kwa bega bila kusalimiana. Halafu akaonyesha viti kama sita saba hivi mbele yetu, vingine vitupu, vingine vina vijana wanajipiga selfi, akasema hapo pote palikuwa na watu ninaowajua, siku hizi ni wageni. Hakusema kwa ubaya.

"Sijui kama huwa wanaipenda au hawaipendi," akasema, "maana hawarudi nikawauliza."

Hiyo ndo imenikaa kichwani wiki zote hizi.

Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa najitetea kimoyomoyo. Mbona mi naenda sana! Opera hapa, mchezo wa kuigiza pale, dansi kule, kila mara ukumbi mwingine. Naonja. Na sikuwahi kuona tatizo, nilikuwa najua hiyo ndo faida ya kuishi kwenye mji wenye vitu vingi, hufungwi na kimoja. Lakini ni kweli sirudi mahali. Mtu akiniuliza Steppenwolf, kikundi cha maigizo cha hapa, mwaka huu wako vizuri kuliko mwaka jana, sina jibu. Nimewaona mara moja.

## Mji unapoingia ndani

Wanaoishi huku mnajua. Mpaka wikiendi ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, mji wote uko nje, tamasha la jazi pale Millennium Park ni bure, watu wamejilaza kwenye nyasi. Halafu ghafla kila mtu anaingia ndani. Katika wiki chache tu orkestra ya Michigan Avenue inafungua, opera inafungua, Goodman na tamthilia zao wanafungua, Steppenwolf, Joffrey na baleti yao, na zile kumbi ndogo za upande wa kaskazini ambazo hata ukikaa hapa mpaka uzeeke hutazimaliza, zote kwa mpigo. Ikifika Novemba saa zinarudishwa nyuma, jua linazama saa kumi na nusu, na nje hakuna cha kufanya zaidi ya kupigwa na upepo wa ziwani.

Nilikuwa nadhani sababu ni hiyo tu, baridi.

Kumbe sababu ya zamani ni joto. Kumbi za karne ya 19 ziliwashwa kwa taa za gesi, mamia ya ndimi za moto ndani ya jengo lililojaa watu wenye makoti na magauni mazito, weka na Julai ya Chicago hapo uone nani atavumilia mpaka pazia lishuke. Na wenye hela zao miezi hiyo walikuwa wameshakimbia mji. Kwa hiyo kiangazi kumbi zinafungwa, majani yakianza kuwa mekundu zinafunguliwa. Ndo msimu wenyewe ulivyozaliwa.

Mwaka 1917 hapahapa Chicago, kampuni ya Balaban na Katz ikafungua ukumbi wa sinema unaoitwa Central Park Theatre, upande wa magharibi, wakaweka mitambo ya kupooza hewa. Watu wakaanza kuingia sinema kiangazi kutafuta ubaridi, picha yenyewe ni nyongeza. Sinema ikakichukua kiangazi na mpaka leo haijakiachia, filamu kubwakubwa zinatoka miezi hiyo. Ila opera, tamthilia na orkestra hazikusogea. Kiyoyozi siku hizi kipo kila mahali, sababu ya kufunga ilishakufa kabla bibi yangu hajazaliwa, lakini msimu bado unaanza Septemba kama vile taa bado ni za gesi.

Sasa kwa nini haukuhama? Hapo ndo nikaanza kuchimba, nikakutana na bwana mmoja.

## Danny na vifurushi vyake

Danny Newman alikuwa mtu wa matangazo wa Lyric Opera, hiyohiyo kampuni ya jumba la Wacker Drive, tangu ilipoanza mwaka 1954, ule mwaka ambao nyota Maria Callas aliimba opera Marekani kwa mara ya kwanza, na aliimbia hapa, si New York (watu wa Chicago watakukumbusha hilo hata kama hujauliza). Newman aliamini kitu kimoja tu maishani: usiuze tiketi, uza msimu. Mwaka 1977 akatoa kitabu kinaitwa Subscribe Now!, kikawa msahafu wa mameneja wa kumbi, na Ford Foundation wakamtuma azunguke akafundishe wengine.

Hesabu yake inaeleweka haraka. Mtu akilipia maonyesho matano au sita miezi kabla, hela inaingia hata nguo za waigizaji hazijashonwa, na ukumbi unajua kabisa nani anakuja na anakaa wapi.

Lakini utamu hauko kwenye hela. Utamu ni kwamba huyo mtu atakuja kwenye yote matano. Hata lile asilolijua. Ndani ya kifurushi wanaweka opera mbili ambazo hata asiyekanyaga opera ameshazisikia kwenye tangazo la gari, halafu katikati wanachomeka moja ambayo mtunzi wake bado yuko hai, haina wimbo wa kuondoka nao, ina watu wanne wanabishana kwenye giza kwa saa mbili. Hiyo ukiiuza peke yake nani atainunua? Ndani ya kifurushi inapata watu, wananung'unika, wanakuja, na katika walionung'unika wapo wanaotoka wamebadilika sura.

Na Newman hakutupenda kabisa sisi wa tiketi moja. Kwake tulikuwa wavivu na vigeugeu, tunasubiri gazeti liseme nini, tunasubiri mvua ikatike, tunasubiri mpaka tumpate mwenzetu wa kwenda naye. Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Mi nasubiri bei ishuke.

Nikafungua simu nikaangalia tiketi zangu za zamani, zimejipanga kwenye imeili. Jamani. Zote, kasoro chache, ni kazi ambazo nilishasikia jina lake au ina mtu niliyemwona kwenye televisheni. Mimi ninayejiita mwonjaji! Nazunguka mji mzima nikionja chakula kimoja kwenye sahani tofauti.

Na kumbi zinatujua. Goodman wanaweka ile hadithi ya Krismasi ya Dickens kila mwaka tangu 1978. Joffrey wana Nutcracker, baleti ya Krismasi, na tangu 2016 hadithi yake wameihamishia kwenye maonyesho ya dunia ya hapa Chicago ya mwaka 1893, kitu kizuri kweli, nisingependa mtu aniambie sikukipenda. Hizi zinajaza viti na kulipa mishahara ya watu. Ila kadiri watu wa msimu wanavyopungua, ndivyo hesabu ya ukumbi inavyoegemea zaidi kwenye vile ambavyo kila mtu anavijua, na hiyo opera ya watu wanne kwenye giza inasogezwa mwakani, halafu mwakani tena.

Mpaka hapo Newman alikuwa amenishinda.

## Jengo lenye umbo la kiti

Halafu nikakumbuka jengo lenyewe tulilokuwa tumekaa siku ile. Ukilitazama kutoka ng'ambo ya mto lina umbo la kiti cha enzi, mgongo wa ghorofa 45 na mikono miwili huku na huku. Alilijenga Samuel Insull, tajiri wa umeme, aliyeanza maisha Marekani akiwa katibu wa Thomas Edison. Hesabu yake kwenye karatasi ilikuwa haina kasoro: chini opera, juu ofisi, kodi za ofisi ziwalipe waimbaji. Hakuna kuombaomba kwa matajiri wenzake kila mwaka.

Likafunguliwa tarehe 4 Novemba 1929, wakaimba Aida.

Isome tena hiyo tarehe. Soko la hisa lilikuwa limeanguka wiki iliyotangulia.

Kufika 1932 kampuni ya opera imekufa, himaya ya Insull imesambaratika, mwenyewe yuko Ugiriki anajificha. Akarudishwa, akashtakiwa, akaachiwa huru, na mwaka 1938 akafia kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi Paris. Kiti kikabaki.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mji ulishajaribu wazo hilohilo kabla. Auditorium Theatre, mwaka 1889. Mfanyabiashara Ferdinand Peck alitaka ukumbi ambao kibarua na bosi wake wakae chini ya paa moja, na hii ilikuwa miaka mitatu tu baada ya Haymarket, bomu na risasi kwenye mkutano wa wafanyakazi, kwa hiyo hakuwa anaongea nadharia. Wakauzungushia ukumbi hoteli na ofisi ili kodi zake zishushe bei ya viti. Wasanifu Adler na Sullivan wakachora viti zaidi ya 4,000, na yale maboksi ya matajiri ambayo kwenye nyumba za opera za wakati ule ndo yalikuwa kila kitu, wao wakayabana pembeni, machache. Ukiingia leo bado utaona matao ya dhahabu juu ya kichwa yamepangwa balbu tupu, hazina kifuniko wala kioo cha urembo, maana 1889 balbu inayowaka ndo ilikuwa urembo wenyewe, nilikaa nikaziangalia mpaka nikakosa dakika za mwanzo za dansi.

Kodi hazikutosha huko nako. Orkestra ikahamia ukumbi wake mwaka 1904, opera ikahamia kwa Insull, mwaka 1941 Auditorium ikafungwa, na wakati wa vita wanajeshi wakawekewa bolingi jukwaani. Wakabiringisha mipira pale alipoimba Adelina Patti siku ya ufunguzi mbele ya Rais Benjamin Harrison. Haukufunguliwa tena kama ukumbi mpaka 1967.

Kwa hiyo tiketi haijawahi kulipia hivi vitu, si zamani wala leo. Peck alijaribu hoteli, Insull akajaribu ofisi, Newman akajaribu watu wa kawaida wenye kalenda na kalamu, na wa Newman ndo walidumu kuliko wote. Sasa hao ndo wanaohamia Arizona.

## Walioingia kwa mlango wa Juni

Ila kuna kitu kilikuwa kinanikwaza muda wote huu na sikutaka kukiandika haraka.

Yule mama aliposema "watu ninaowajua", ni akina nani? Mi nikiingia ukumbini huwa nahesabu watu weusi bila hata kuamua kuhesabu, macho yanajihesabia yenyewe, na kule juu hesabu haikuchukua muda. Kiti cha msimu kinakaa na familia. Kinatoka kwa mama kwenda kwa binti, kwa dada kwenda kwa dada, anayefika mjini amechelewa anapata kilichobaki. Nikajiuliza kama ninachokililia ni klabu ambayo hata isingenialika.

Nikamkumbuka Florence Price. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, akahamia Chicago mwaka 1927, mwanamke mweusi anayetunga simfonia wakati ambao hata mwanamke mzungu akitunga simfonia watu wanatabasamu. Tarehe 15 Juni 1933 orkestra ya Chicago chini ya Frederick Stock ikapiga Simfonia yake Namba 1 kwenye hiyohiyo Auditorium. Ndo mara ya kwanza orkestra kubwa ya Marekani kupiga simfonia ya mwanamke mweusi. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi kweli.

Lakini angalia mwezi. Juni.

Msimu ulikuwa umeshaisha! Simfonia yake ilipigwa kwenye shughuli za maonyesho ya dunia ya mwaka ule, si kwenye programu ya kawaida ya wale waliolipia viti vyao mapema. Na gharama zake alisaidia kuzibeba Maude Roberts George, mwanamke mweusi aliyekuwa anaandika habari za muziki kwenye gazeti la Chicago Defender. Watu wa msimu walikuwepo, waaminifu, wamelipa. Hakuna aliyemchomeka Price kwenye kifurushi chao. Alifariki mwaka 1953, na mwaka 2009 watu waliokuwa wanakarabati nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, wakakuta marundo ya karatasi zake humo ndani. Siku hizi orkestra zinapiga kazi zake mpaka vuli, ndani ya msimu wenyewe.

Kwa hiyo ile nadharia yangu tamu kwamba watu wa msimu ndo wanaobeba vitu vipya ikapata ufa. Wanabeba walichopangiwa. Anayepanga ni mtu, ana macho yake na mipaka ya macho yake.

Waliochoka kusubiri kupangwa wakajijengea. Muntu Dance Theatre walianza 1972 na ngoma na dansi za Afrika. Jackie Taylor akaanzisha Black Ensemble Theater mwaka 1976, na sasa wana jengo lao Clark Street. Nilipoenda pale mara ya kwanza nilikuta akina mama wa kanisa wamekuja kwa basi zima, wana kofia zao, wameshaagana nani anakaa na nani, na mwigizaji akikosea maneno wanamsaidia, akiimba vizuri wanamwambia hapohapo asisubiri mpaka mwisho. Wote walikuwa wamekuja shoo iliyopita. Walikuwa wanaijadili kwa sauti kabla taa hazijazimwa, huyu leo sauti imekaa, mara ile alikuwa na mafua.

Waliijua historia ya mafua ya mwimbaji!

## Duka lililogeuka ukumbi

Dada mmoja wa Kikenya tunayefanya naye kazi ndo aliyenipeleka kwenye ukumbi ambao zamani ulikuwa duka. Chicago hiki ni kitu cha kawaida, kumbi za madukani, na hata Steppenwolf wenyewe kabla hawajawa wakubwa walikuwa vijana wanaigiza kwenye chumba cha chini cha kanisa huko Highland Park mwaka 1976. Huyu dada ana kadi ya msimu ya hiki kiukumbi. Mtu wake alikuwa ameghairi, akaniambia kaka twende, nikamuuliza ni nini, akasema sijui.

Unaenda kitu hukijui?

"Mi sichagui," akaniambia. "Nikichagua nachagua vilevile."

Dirisha la duka wamelifunika kitambaa cheusi, viti vya aina nne tofauti. Choo kiko upande wa pili wa jukwaa, kwa hiyo kijana wa mlangoni anatangaza anayetaka aende sasa hivi, la sivyo atakuwa sehemu ya mchezo. Halafu anaonyesha mlango wa dharura, anausukuma kabisa unafunguka kwenda nje, wote tunauangalia. Mji huu hilo halifanywi kwa mazoea tu. Tarehe 30 Desemba 1903, mchana wa wiki ya sikukuu, watoto wamejaa, Iroquois Theatre iliwaka moto wakafa watu 602. Ukumbi ulikuwa na mwezi mmoja na siku chache, umetangazwa kwamba hauwezi kuungua, na milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine inafunguka kwa ndani, watu wakalundikana juu yake. Pale pale Randolph Street leo pana Nederlander Theatre, watu wanaenda kuangalia michezo mikubwa kutoka Broadway, na sidhani wengi wanajua wamekalia nini.

Basi mchezo ukaanza. Mwanamke anapiga pasi shati. Pasi ya kweli, ya moto, mvuke unatufikia usoni, ile harufu ya pamba iliyonyunyiziwa maji, na anaongea na mtu ambaye hatumwoni huku anazunguka kola taratibu na ncha ya pasi, anarudi, anazunguka tena, na wewe unasahau maneno unaangalia tu asijichome. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kidole gumba chake kina kovu la zamani. Kwenye balkoni yangu ya opera ningekuwa naangalia utosi.

Ila nisidanganye, baada ya hapo nusu ya kwanza ilikuwa mbovu. Watu wanne waliongea kuhusu nyumba ya marehemu mpaka nikaanza kusoma maandishi ya EXIT. Ningekuwa peke yangu ningeondoka mapumzikoni, kwa mtu wa tiketi moja kuondoka ni rahisi, hakuna anayekujua.

Nikamwambia dada, hiki kitu mbona kimekwama? Akasema ndiyo, kimekwama, lakini mwandishi huyu mwaka juzi alikuwa hawezi kabisa kumfanya mtu aingie chumbani na kutoka, watu walikuwa wanasimama tu wanahutubia. Sa hivi umeona yule kaka alivyoingia na mfuko wa nailoni? Amepanda. Ngoja kitendo cha pili.

Nikabaki namwangalia. Tumekaa tumegusana mabega tunaangalia vitu viwili tofauti. Mi naangalia mchezo mmoja mbovu. Yeye anaangalia mwandishi yuko katikati ya safari, na ana ushahidi.

Kitendo cha pili kilikuwa afadhali. Si kizuri. Afadhali. Na mfuko wa nailoni ulirudi, kilichokuwemo sitakitaja, huenda mkaenda.

## Kalenda si ya kila mtu

Bado nina mashaka, msinielewe vibaya.

Mtu wa msimu aliyemtaka Newman alikuwa mtu anayejua Jumatano ya mwezi wa tatu atakuwa wapi. Wangapi kati yetu tunajua? Mi ratiba ya kazi naipata wiki mbili kabla, na inabadilika, na nikiomba ruhusa natakiwa nitaje sababu, sasa nimwambie msimamizi naenda kuona mtu akipiga pasi? Wengi tuliokuja huku ndo maisha yetu, shifti, mtoto, shifti. Tunakuwa wa tiketi moja kabla hata hatujawa wavivu. Kumbi nyingine zimeshashtuka, zinauza kadi yenye tiketi kadhaa unazitumia siku unayotaka, na nyingine zina siku za kulipa unachoweza. Inasaidia. Sijui kama inamleta mtu mara ya pili.

Na uaminifu nao haukuhakikishii chochote. Lookingglass, wale walio kwenye jengo la zamani la mitambo ya maji Michigan Avenue, walikuwa na jina, walikuwa na tuzo ya Tony, ile kubwa ya tamthilia Marekani, walikuwa na watu wao. Juni 2023 wakasimamisha maonyesho na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Walirudi 2025. Nilipita hapo katikati ya kipindi kile usiku mmoja, watalii wanapiga picha mnara wa mawe, hakuna aliyejua kwamba mlango wa pili yake umefungwa kwa nini.

Opera kule juu bado siwezi kulipia msimu mzima, hilo niliangalia, nikafunga ukurasa.

Ila kadi ya kile kiukumbi cha duka tumeichukua, mi na dada, nusu kwa nusu. Juzi kanipigia kuulizia tarehe za mwezi wa pili, nikamuuliza sasa mwezi wa pili kuna mchezo gani.

"Hawajasema. Nasikia mwandishi bado anaandika."

"Na sisi tumeshalipa?"

"Tumeshalipa. Weka Jumamosi, Ijumaa niko kazini mpaka saa tatu. Na uwahi kaka, mara hii wamehamisha mlango, ukichelewa unatokea jukwaani."